Mwanafunzi Naye ni Mwanachama: Afya ya Shule za Ghuba ya Chole

(Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu wa vyama vya msingi, wajumbe wa kamati za shule na walimu waliokutana Utende. Tunayachapa kwa ajili ya vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)



Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya shule zetu. Najua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza tangu lini mkaguzi wa ushirika akaacha kitabu cha fedha akaingia vyooni. Swali hilo ni la haki. Mimi si tabibu wala bwana afya. Kazi yangu ni kufungua madaftari na kuuliza: nani aliamua, nani alilipa, nani alitia sahihi, na mali iliyonunuliwa iko wapi. Leo nitayauliza maswali hayo hayo juu ya choo, maji na bweni. Nikisema bweni, ndugu zangu wa kaskazini ya kisiwa wasidhani nawasema wao. Sikisemi kijiji cha Bweni, nasema mahali wanapolala wanafunzi.

Kwanza tuitazame ghuba yetu. Mgeni akisimama hapa Utende huiona Chole mbele yake, Juani nyuma ya Chole, na Jibondo kule kusini, akasema hapa ni peponi. Mwenyeji anajua kwamba chini ya uzuri huo kuna mwamba wa matumbawe. Mwamba huo hauchimbiki kwa jembe, na tena una nyufa, hata kinachomwagwa katika shimo hili chaweza kujitokeza katika kisima kile. Mtu wa bara akituambia, "Chimbeni choo kirefu, futi 15," anatupa shauri la udongo wa kwao. Na maji nayo tunayajua. Kwa miaka mingi watu wa Jibondo walitweka tanga kuja kisiwa kikubwa kutafuta maji matamu, wakarudi na madumu kama watu warudio na samaki. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hafundishwi thamani ya maji na mwalimu yeyote. Lakini mtoto huyo huyo, akifika shule yenye wanafunzi mia kadhaa na pipa moja, ataoga mara chache na atanawa mara chache zaidi, nanyi msimlaumu.

Choo kibaya kwetu huleta kuhara, na huleta pia mbu. Mbu mmojawapo anayeeneza matende na mabusha hupenda kuzaliana katika maji machafu ya mashimo ya vyoo na makaro. Ugonjwa huo wazee wetu wanaujua kwa macho, si kwa kusoma. Ndiyo sababu, nchi ilipoanza mpango wa kuutokomeza mwaka 2000, Mafia ndiyo iliyotangulia kugawiwa dawa, kabla ya wilaya nyingine zote za Tanzania. Tulimeza vidonge. Lakini vidonge havizibi shimo. Wenzetu wa Makunduchi, huko Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walifanya yote mawili kwa pamoja. Watu walikunywa dawa, na juu ya maji ya mashimo ya vyoo wataalamu wakamwaga punje za ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungashiwa redio mpya. Punje zikaelea, mbu akakosa pa kutagia. Kabla ya kazi hiyo karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijidudu vya matende katika damu. Miaka michache baadaye wakabaki wachache sana. Nimelitaja hilo ili katibu anayedhani choo cha shule ni jambo la harufu tu ajue kwamba mbu aliyezaliwa katika choo cha shule haulizi nani mwanafunzi na nani mwanachama.

Sasa niingie katika neno lililonileta. Katika shule zetu nyingi mwanafunzi hufagia, huteka maji, husugua vyoo, hukata majani, na Ijumaa hukaguliwa kucha. Kazi yote ya afya ya shule iko mikononi mwake. Lakini niambieni, ni shule ngapi ambapo mwanafunzi aliulizwa choo kijengwe wapi? Ni shule ngapi ambapo dada mkuu anajua mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi za sabuni? Huyu ni mtu wa kutoa jasho asiyekuwa na sauti. Sisi wa ushirika tunamfahamu vizuri mtu wa namna hiyo: ni mwanachama wa kubeba gunia. Huleta nazi zake, huleta mwani wake, hupewa stakabadhi, lakini mizania hajapata kuiona. Na chama chenye wanachama wa namna hiyo tunajua kinavyokwenda. Siku mali ya chama ikiharibika, yeye hupita kando, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni yake.

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, na wanachama hawakuulizwa. Ilipofika 1982 sheria ikavirudisha. Wanaoikumbuka miaka hiyo watawaeleza kwamba majengo na magari yalirudi kabla ya imani. Mtu akishanyang'anywa kauli katika mali yake, kumrudishia ufunguo hakutoshi.

Wala wazo la kumpa mwanafunzi kauli si geni, halikuletwa na wageni. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alieleza kwamba wanafunzi wa shule yenye shamba wawe na sehemu katika kuamua mambo ya shamba hilo na matumizi ya mapato yake. Shule zetu zilikumbuka jembe, zikasahau mkutano. Miaka sita baadaye, 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee mliopo mnaikumbuka: watu walikusanyika katika vikundi vidogo, wakasikiliza kipindi cha redio, kiongozi wa kikundi akafungua kitabu, wakazungumza, kisha wakatoka kwenda kuchimba choo au kufukia dimbwi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki nchini kote, mara mbili ya waliotazamiwa. Katika kampeni ile mazungumzo yalitangulia jembe, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu majembe yalitoka nje.

Pengine mwalimu atasema: "Ndugu Mkaguzi, watoto watajua nini?" Nitamjibu kwa habari ya Kilosa, mkoani Morogoro. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walitaka kujua ni shule zipi zenye kichocho kingi. Kupima mkojo wa kila mtoto wa wilaya nzima kulikuwa kazi ya gharama kubwa, yenye gari, vifaa na wapimaji. Wakajaribu njia nyingine. Fomu za maswali zilipita katika ofisi za elimu hadi kwa walimu wakuu. Walimu wakawauliza watoto maradhi waliyoyapata, na miongoni mwao wakauliza juu ya kichocho na damu katika mkojo. Kisha fomu zikarudi kwa njia ile ile. Baadaye mikojo ikapimwa ili kuona kama watoto wamesema kweli. Walikuwa wamesema kweli. Shule zilizoonekana kwa fomu kuwa na kichocho kingi ndizo zilizoonekana hivyo kwa vipimo, na njia ya fomu iligharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya upimaji. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1991, na njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine za Afrika. Tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa: ofisi ilileta karatasi, mwalimu alileta utaratibu, mtoto alileta habari. Angekosekana mmoja wao, kazi isingefanyika. Katika miaka ya 1990 walimu wa mkoa wa Tanga nao walifundishwa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo na kichocho wenyewe, chini ya mpango ulioitwa UKUMTA, yaani Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania. Nililipenda jina hilo kwa sababu limebeba neno letu.

Hata vyuo vikuu vimefika huko huko. Mwaka 2015 wajumbe kutoka vyuo vya nchi mbalimbali walikutana Kelowna, Kanada, wakatoa hati iitwayo Okanagan, inayotaka afya iingie katika shughuli zote za chuo na sauti ya wanafunzi isikilizwe. Waliandika kwa lugha ya kisomi. Mambo waliyoyaandika dada mkuu wa shule ya kata angeweza kuwaambia kwa dakika tano.

Ngoja niwape mfano wa hapa karibu. Shule sitaitaja, wala kisiwa chake. Chama kimoja cha msingi kilitoa fedha za kununulia shule simtanki la lita 5,000. Nilipofika kukagua chama nikaomba kuliona tangi hilo, maana kazi ya mkaguzi haimaliziki kwenye karatasi. Hati ya malipo ilikuwa safi. Stakabadhi ipo. Tangi lipo, limesimama juu ya msingi wa mawe, zuri kabisa, na ndani yake hamna tone. Mifereji ya kukinga maji ya paa haikununuliwa, kwa kuwa haikutajwa katika kumbukumbu za mkutano. Nikaenda vyooni. Palikuwa na matundu manne mapya, mawili yamefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao mwalimu wa zamu, "wasije wakaharibu." Matundu mawili yaliyobaki ya upande wa wasichana yalikuwa yakavu, dalili kwamba hayatumiki.

Nikaomba ruhusa nizungumze na wasichana wa darasa la sita, mwalimu wao akiwapo. Kwanza walinyamaza. Kisha mmoja akasema, kwa adabu, kwamba mlango wa choo unatazama uwanja wa mpira, na kila anayeingia anaonekana na wavulana wote. Mwingine akasema tangi limewekwa chini ya paa la ofisi, na mwanafunzi hapiti mbele ya ofisi na ndoo bila kuulizwa anakwenda wapi. Wa tatu hakusema kitu mbele yetu. Alimwambia mwalimu wa kike baadaye, na mwalimu akatueleza kwa maneno ya heshima: kwamba katika siku zao za mwezi hawana pa kujisitiri wala maji ya kujisafishia, kwa hiyo hubaki nyumbani. Mwalimu mkuu, mtu mwema na mchapa kazi, alikuwa akiandika utoro ule katika daftari la mahudhurio kila mwezi bila kujua sababu yake. Nikamuuliza yule wa kwanza kwa nini hawakusema mapema. Akajibu: "Hatukuulizwa."

Dawa yake haikuwa ya fedha nyingi. Makuti Mafia hayatuishi. Ukajengwa ua wa makuti mbele ya mlango. Wazazi wawili mafundi wa vyombo wakafunga mifereji, na tangi likahamishiwa upande wa madarasa. Makufuli yakatolewa. Ikaundwa kamati ya watu saba: wasichana wawili, wavulana wawili, mwalimu wa afya, mjumbe mmoja wa kamati ya shule, na katibu wa chama kilichotoa tangi. Niliporudi baada ya muhula mmoja milango yote ilikuwa wazi na vyoo vinatumika. Sabuni bado ilikuwa ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, na katika kikao walikuwa wakigombana juu ya hilo. Mimi nilifurahi kusikia ugomvi ule. Watu hawagombanii sabuni isiyo yao.

Sasa suala la fedha, maana naona makatibu wawili wameshika kalamu. Wapo wanaosema kwamba fedha ya chama si ya kujengea vyoo. Wapo wengine wanaotoa fedha ya chama kama zaka, kwa kauli ya mwenyekiti, bila kikao. Wote wawili sikubaliani nao. Mkutano wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani uliofanyika Manchester mwaka 1995 uliweka kujali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika. Lakini msingi huo unasema wanachama ndio watakaoidhinisha jinsi ya kuijali jamii yao. Kwa hiyo chama kikitaka kusaidia shule, jambo hilo liandikwe katika ajenda, lipelekwe mkutano mkuu, akidi itimie, na kiasi kitajwe kwa tarakimu na kwa maneno. Tena tangu mwaka 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila ada, shule haziruhusiwi kuwatoza wazazi michango ya lazima. Msaada wa chama basi ni wa hiari, na jambo la hiari linahitaji kumbukumbu safi kuliko la lazima, kwa kuwa hapana sheria ya kulisukuma isipokuwa nia ya watu.

Nawaomba pia msinunue kitu kabla ya kamati ya shule na wanafunzi hawajasema wanahitaji nini. Kiwango cha Serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nendeni mkahesabu. Huenda mkakuta shule ina matundu ya kutosha na shida yake ni komeo la ndani, au ndoo yenye mfuniko, au vibuyu chirizi kumi vya kunawia, ambavyo watoto wenyewe hutengeneza kwa dumu la lita 5, kamba na kijiti. Kwa mabweni hesabuni vyandarua na vitanda, kitanda kwa kitanda, mkiwa na kiranja wa bweni na matroni. Watoto wetu wengi wamevuka bahari kufuata sekondari. Mzazi aliye Juani hana njia ya kujua usiku kama mwanawe amelala ndani ya chandarua.

Na sasa daftari. Nataka kila shule itakayosaidiwa na chama iwe na daftari moja la afya, la kurasa mia, lenye mistari ya kalamu kama kitabu chochote cha chama. Ukurasa wa kushoto ni wa hali: tarehe, kina cha maji katika tangi, matundu yanayotumika na yasiyotumika, sabuni iliyopo, wanafunzi walioumwa tumbo, walioumwa homa, na waliokosa shule. Ukurasa wa kulia ni wa maamuzi: nini kifanyike, nani atafanya, lini, kwa fedha ipi. Wasiandike majina ya wagonjwa, waandike idadi tu. Maradhi ya mtoto si tangazo. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja wazunguke pamoja, na wote wawili watie sahihi. Sahihi ya mwanafunzi iwe juu, kwa sababu yeye ndiye mtumiaji. Mwalimu mmoja aliniambia hilo ni kushusha hadhi ya mwalimu. Nilimuuliza kama katibu hushuka hadhi mwanachama anaposaini daftari la kupokelea mazao. Hakunijibu, lakini Ijumaa iliyofuata alitia sahihi chini.

Daftari hilo lisomwe mara moja kwa muhula mbele ya wanafunzi wote, kwa sauti, kama tunavyosoma mizania. Akisome mwanafunzi kitabu hicho, si mwalimu mkuu. Atakosea tarakimu, atasahihishwa, na mwaka ujao hatakosea. Nanyi makatibu mnaolalamika kwangu kila mwaka kwamba mkistaafu hapana kijana wa kuwapokea vitabu, mfikirieni mtoto huyo anayesoma kina cha maji mbele ya wenzake mia tatu. Kama kuna mahali pengine anapofundishwa kutoa hesabu kwa wenye mali, mimi sijapaona.

Liko jambo moja ambalo halina dawa ya haraka, na sitawaficha. Shule iliyo juu ya mwamba mtupu haitapata choo kizuri kwa makuti na vibuyu. Itahitaji choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, chenye chemba iliyojengwa na kusakafiwa, na hiyo ni fedha ya Halmashauri, si ya chama cha msingi. Hapo kazi ya chama ni kwenda na daftari mkononi. Barua ya maombi isemayo "tuna shida ya vyoo" hulala mezani. Barua yenye hesabu za majuma 30, zilizotiwa sahihi na mwanafunzi na mwalimu, zikionyesha siku ambazo shule nzima ilitumia tundu moja, ni vigumu kuilaza.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na madaftari mawili ya mfano, moja limejazwa na moja ni tupu. Naomba yapitishwe mikononi kuanzia kwa walimu, na katibu ambaye chama chake kitaleta ajenda hii katika mkutano mkuu ujao aniandikie jina la chama katika karatasi hii ili nimpangie siku ya kufika. Tuanze na wenzetu wa Jibondo, maana maji yanakupwa na chombo chao hakiwezi kungoja.